MASHINI ZA ZAMANI ZA KUOSHA VYOMBO: JUU YA NINI WATU WANAZICHUNGA?



Kuko mashini moja ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, lakini sisi wote tumesikia habari yake. Ni sanduku la chuma lenye mulango. Mutu anapanga ndani sahani, vikombe na vijiko vyenye uchafu, anatia sabuni, anafunga, anafungua umeme, na kisha saa moja ao mbili anatoa vyombo safi. Katika Ulaya na Marekani mashini hiyo iko katika nyumba nyingi. Lakini habari yenye kunishangaza ni hii: kule kuko watu wanaotafuta zile za zamani sana, za miaka 50 ao 60 na zaidi, wanazitengeneza na kuzichunga kama mali. Juu ya nini mutu achunge mashini ya zamani ya kuosha vyombo, na mpya ziko tele madukani? Ili kujibu, lazima kwanza tujue ilitoka wapi na inafanya kazi namna gani.

1. ALIYEIFIKIRI

Wengi wanazani ya kwamba kila mashini ilitoka katika kichwa cha mwanaume mwenye masomo makubwa. Kweli, wanaume ndio walijaribu kwanza. Mwaka 1850, Mumarekani Joel Houghton alipewa hati ya serikali kwa mashini ya mbao yenye kuzungushwa kwa mukono. Ilirusha maji juu ya sahani, lakini haikusafisha vizuri. Mwaka 1865 mwingine, L. A. Alexander, alitia magurudumu ya meno ili sahani zenyewe zizunguke ndani ya maji. Hata ile haikushinda.

Aliyeshinda ni mwanamuke, Bibi Josephine Cochrane, wa muji mudogo wa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya watu wa mali, yenye sahani nzuri za udongo wa China. Watumishi walipoziosha, kingo zilipasuka. Basi akaanza kuosha mwenyewe, akaona namna kazi ile inavyochosha. Mwaka 1883 mume wake akafa, akamuachia madeni. Tangu siku ile mashini haikuwa tena mawazo ya mutu mwenye nafasi, ilikuwa njia ya kupata chakula.

Angalieni namna alivyoanza. Hakuanza na motere. Alianza na kupima. Alipima sahani, vikombe na visahani, kila kimoja kwa kipimo chake, halafu akapinda waya kufanya vyumba vidogo, kila chombo na chumba chake, kisiguse kingine. Vyumba vile akavipanga juu ya gurudumu lililolala ndani ya pipa la shaba. Gurudumu linazunguka, na maji ya moto yenye sabuni yanapanda toka chini na kupiga vyombo. Fundi mumoja, George Butters, alimusaidia kuunga vyuma. Tarehe 28 Desemba 1886 akapewa hati namba 355,139.

Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya dunia kule Chicago, mashini zake ziliosha vyombo vya nyumba za kulia chakula, na akapata zawadi. Wenye kununua walikuwa zaidi mahoteli, kisha mahospitali na mashule. Katika nyumba za watu mashini haikuingia upesi: bei ilikuwa kubwa, tena nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Bibi Cochrane alikufa mwaka 1913. Mwaka 1926 kampuni Hobart ilinunua kiwanda chake, na mwaka 1949 ikatoa mashini ya nyumbani kwa jina la KitchenAid. Mwaka 2006 jina lake liliandikwa kati ya wavumbuzi wanaoheshimiwa katika Marekani yote.

Ulaya nayo haikulala. Mwaka 1924 Mwingereza William Howard Livens alifikiri mashini ndogo ya nyumbani yenye mulango mbele, kikapu cha waya na bomba lenye kuzunguka likirusha maji. Ukiifungua mashini ya leo, unakuta karibu mambo yale yale. Mwaka 1929 kampuni Miele ya Ujeremani ilitoa mashini ya kwanza ya umeme katika Ulaya. Lakini ni nyuma ya vita kuu ya pili, katika miaka ya 1950 na 1960, ndipo mashini hii ilianza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, zaidi sana Marekani.

2. NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Mashini ndani yake haina mikono wala kitambaa. Ni nini basi inayoondoa uchafu? Ni mambo manne pamoja: joto, sabuni, nguvu ya maji, na wakati. Ukipunguza moja, lazima uongeze lingine.

Mashini nyingi za zamani zilikuwa na panka chini ya sanduku, sawa na ile inayosukuma mashua. Panka inazunguka mbio ndani ya maji kidogo na kuyarusha juu pande zote. Shida yake ni hii: sahani iliyo mbele inafunika sahani ya nyuma, na ile ya nyuma inabaki na mafuta.

Halafu wakaingiza "mukono wa maji". Ni bomba lenye matundu, lililowekwa katikati na kuachwa huru. Pompi inasukuma maji ndani, maji yanatoka kwa matundu yaliyoelekea upande mumoja, na bomba linasukumwa upande wa pili. Hakuna motere yoyote inayolizungusha. Maji yenyewe ndiyo yanalizungusha. Ninyi wa mwaka wa tano, ile sheria ya Newton muliyoandika katika daftari, kwamba kila nguvu inajibiwa na nguvu nyingine iliyo sawa, ndiyo ile inayoosha sahani.

Sabuni yake si sabuni yetu. Sabuni inayofanya povu inaharibu kazi, juu pompi inakamata povu pahali pa kukamata maji. Tena ni kali sana, mutu hawezi kutia mikono ndani. Maji nayo yanafika digri 60 ao zaidi, joto ambalo mikono haiwezi kuvumilia. Ndiyo siri ya mashini: inaweza kutumia joto na ukali ambao ngozi ya mutu inakataa.

Nani anaiamuru? Katika zile za zamani ni mutambo wa saa. Motere ndogo sana inazungusha polepole visahani vyenye kingo zilizokatwa. Kingo zikipita, zinafunga na kufungua njia za umeme moja kwa moja: ingiza maji, osha, mwaga, suuza, kausha. Ukifungua kifuniko unaona yote kwa macho yako.

3. WANAOZIKUSANYA

Sasa tufike kwa wale wenye kuzichunga. Wengine ni mafundi, wengine ni wazee waliostaafu, na kuko hata vijana. Wanazipata katika nyumba za zamani wakati mwenye nyumba anabadilisha jiko, ao pahali pa kutupa vyuma. Kupata iliyo nzima ni shida kuliko kupata frigo ya zamani. Frigo inasimama peke yake, mutu anaweza kuisukuma kwenye nyumba ya nyuma na kuisahau. Mashini ya vyombo imefungwa chini ya meza ya jiko, imeungwa na tiyo za maji. Wakati jiko linabomolewa, nayo inang'olewa na kutupwa. Tena maji na chuma ni maadui: mupira wa mulango unakauka, pete ya pompi inavuja, vikapu vya waya vinavuka ngozi na kushika kutu.

Mukusanyaji anafanya kazi ya uvumilivu. Anafungua vise zote, anaandika kila waya unatoka wapi, anatafuta mupira mupya wenye kipimo kile kile, anapaka vikapu ngozi mupya, anasugua sanduku la ndani. Masanduku mengi yalipakwa udongo wa kioo uliochomwa, sawa na sahani zetu nyeupe zenye ukingo wa bluu. Palipobanduka, kutu inaingia. Kule Gütersloh, Ujeremani, kampuni Miele yenyewe iko na nyumba ya kuonyesha mashini zake za zamani. Na katika jimbo la Colorado, muji wa Eaton, Bwana Lee Maxwell alikusanya mashini za kufua nguo zaidi ya 1,000.

Juu ya nini wanafanya vile? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni ukumbusho. Mashini za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na rangi zake: kijani cha avoka, manjano ya mavuno, rangi ya shaba. Mutu akiona rangi ile na kusikia mulio wa maji ndani, anakumbuka jiko la mama yake.

Ya pili ni akili. Mashini ya zamani mutu anaweza kuifungua kwa turnevisi na kuelewa kila kitu. Ile ya leo inaamriwa na kadi ya elektroniki. Kadi ikiungua, mara nyingi mashini nzima inatupwa, hata kama motere yake ingali nzima. Anayechunga ya zamani anachunga namna ya kufikiri ya waliotutangulia.

Ya tatu ni kupima. Bila kitu cha jana hatuwezi kujua kama kitu cha leo ni bora ao ni kipya tu. Na hapa tuseme haki: kwa maji na umeme ya leo ni bora. Ya zamani ilikunywa makumi ya lita kwa kuosha mara moja; nyingi za leo zinatosheka na lita 10 mpaka 15. Tena sabuni ya zamani ilikuwa na fosfati nyingi, ambayo ikifika katika maziwa inanenepesha majani ya maji mpaka samaki wanakosa pumzi. Mwaka 2010 majimbo mengi ya Marekani yaliikataza, na mwaka 2017 inchi za Umoja wa Ulaya ziliipunguza kabisa. Wakusanyaji wengine wananungunika kwamba sabuni mupya haifai mashini zao. Lakini samaki nao wako na haki. Tunaweza kuchunga chombo cha zamani bila kuchunga kila desturi yake.

4. NA SISI WENYE BESENI?

Watu wa chuo kikuu cha Bonn walipima watu wanaoosha kwa mikono katika inchi za Ulaya. Kwa vyombo vya watu 12 walikuta ya kwamba wengi wanamwaga karibu lita 100, juu robine inabaki wazi. Kipimo hicho si chetu. Sisi ambao maji tunayabeba kichwani, tunaosha katika beseni moja na kusuuza katika ya pili. Hatumwagi vile. Kosa letu ni lingine: maji ya baridi, yanayobaki yale yale mpaka sahani ya mwisho, na kitambaa kimoja cha kupangusa vyombo vya wote.

Mashini inatufundisha utaratibu: kwanguza mabaki kwanza, anza na vikombe, maliza na sufuria, maji yawe ya moto kadiri mikono inavyoweza, badilisha maji yakiwa na mafuta, suuza, na acha hewa ikaushe. Vyumba vya waya vya Bibi Cochrane ni ndugu ya kichanja cha mama zetu, kile cha miti kinachosimama nyuma ya nyumba.

Kama kapita, kila juma mimi ndiye ninabandika karatasi ya zamu, na kila juma kuko kijana anayekuja kuniambia: "Kapita, mie siwezi kuosha masahani, ile iko kazi ya wabinti." Kwa huyo najibu hivi. Mashini ile ilifikiriwa na mutu aliyetia mikono yake mwenyewe ndani ya maji. Asiyeosha haoni ni wapi sahani inapasuka, na asiyeona shida hawezi kuvumbua dawa yake.

Basi naleta shauri moja. Kichanja chetu cha jikoni kimeoza, na vyombo vinakaukia chini, kuku wanapita juu. Siku ya posho, nyuma ya masomo, wenye kupenda tukutane pale: wavulana na wasichana, wa mwaka wowote. Wa kwanza watapima sahani na vikombe vya chumba cha kulia, wengine watakata miti na kupinda waya, kila chombo na chumba chake. Mwenye waya nyumbani alete. Mwenye koleo alete pia.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita