Mwanasheria Mgeni na Kibali cha Kazi: Nani Huomba, Nani Hutoa, na Mwenyeji Hufaidika Vipi

Biashara, mahoteli, bandari na mashirika ya usafirishaji yanapopanuka, Visiwani na Tanzania Bara, huongezeka pia haja ya wanasheria wanaoajiriwa na kampuni zenyewe, mbali na mawakili wa kujitegemea wenye ofisi zao mjini. Kila haja hiyo inapojitokeza, huzuka suala lile lile: je, kampuni inaweza kumleta mwanasheria kutoka nchi za nje, na ikiwa inaweza, ni kwa utaratibu gani? Watumishi wengi wa Serikali huulizwa suala hili na wananchi, na si wachache wanaolijibu kwa kubahatisha. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa ufasaha, ili mwajiri asivunje sheria bila kujua, na kijana wa Kitanzania asikose nafasi yake kwa kutokujua haki yake.

Uchukuliwe mfano wa kampuni ya kusafirisha mizigo yenye makao yake Ukonga, Dar es Salaam, katika barabara iendayo Pugu, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na yenye tawi lake Malindi, Unguja. Kampuni hiyo ina mikataba na wenye meli, wenye maghala na mashirika ya bima. Mkurugenzi wake anamtaka mwanasheria kutoka ng'ambo, mzoefu wa sheria za bahari. Katika mtaa huo huo wa Ukonga anaishi kwa mjomba wake binti aliyezaliwa Wete, Pemba, aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, akamaliza mafunzo ya vitendo Dar es Salaam, na sasa yu katika kutafuta kazi. Mfano huu ni wa kufundishia tu, lakini hali zake ni za kila siku. Mkurugenzi, mgeni na binti yule, kila mmoja ana jambo la kupoteza endapo utaratibu hautafuatwa.

KAZI YA MWANASHERIA WA KAMPUNI

Wakili wa kujitegemea huwahudumia wateja wengi, na kila mteja humlipa ada yake. Mwanasheria wa kampuni ana mteja mmoja, naye ni mwajiri wake, ambaye humlipa mshahara. Kazi yake kubwa haiko mahakamani. Husoma mikataba kabla haijatiwa saini, huangalia kwamba leseni na kodi za kampuni zimo katika mpango, hushauri juu ya ajira na nidhamu ya wafanyakazi, huhudhuria vikao vya bodi, na mara nyingi huwa ndiye katibu wa kampuni. Shauri likifika mahakamani, aghalabu yeye hutayarisha maelezo na kumkabidhi wakili wa nje aliyekodiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanasheria wa kampuni ndiye mwenye kulichunga daftari hilo.

Ngazi za kazi hii zinaeleweka. Kijana huanza akiwa ofisa sheria, akapanda kuwa mwanasheria mwandamizi, kisha mkuu wa kitengo cha sheria, na baadhi yao huishia katika uongozi wa juu wa shirika. Kwa upande wa Tanzania Bara, anayetaka kuandikwa katika Daftari la Mawakili hupitia pia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Si kila mwanasheria wa kampuni ni wakili, wala sheria haimlazimishi kila mmoja awe wakili. Hata hivyo tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Ushahidi huilinda siri iliyopo baina ya wakili na mteja wake, na kampuni inayomwajiri mtu asiye wakili isitegemee kwamba kila barua aliyoiandika italindwa kwa namna hiyo. Hata Ulaya jambo hili limeleta mabishano: mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Akzo Nobel, iliamua kwamba katika uchunguzi wa mambo ya ushindani wa biashara unaofanywa na Kamisheni ya Umoja huo, mawasiliano ya kampuni na mwanasheria iliyemwajiri yenyewe hayana ulinzi kama yale ya wakili wa kujitegemea.

MILANGO MINNE

Kosa la kwanza la waajiri wengi ni kudhani kwamba viza inatosha. Kwa hakika mgeni anayetaka kufanya kazi ya sheria anakabiliwa na milango minne, na ufunguo wa mmoja haufungui mwengine.

Mlango wa kwanza ni viza, ambayo ni ruhusa ya kuingia nchini tu. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kushika kazi ya mshahara, hata kwa wiki moja.

Mlango wa pili ni kibali cha kazi. Kwa Tanzania Bara kibali hiki hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015. Anayeomba ni mwajiri. Hii ndiyo maana ya udhamini: kampuni husimama mbele ya Serikali na kusema kwamba inamhitaji mtu huyu, kwa kazi hii, kwa sababu hizi. Kabla ya kutoa kibali, Kamishna hutakiwa aridhike kwamba juhudi zote zimefanywa kumpata Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakupatikana. Kibali kinachotolewa hudumu miezi 24, na huweza kuongezwa ndani ya ukomo uliowekwa na sheria. Aidha, kibali hicho kimefungamana na mwajiri na kazi iliyotajwa ndani yake. Mgeni hawezi kukichukua akahamia kampuni ya pili kama mtu anayehamisha mzigo.

Mlango wa tatu ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kwa mgeni aliyeajiriwa, kibali hicho ni cha Daraja B. Mwenye kibali cha kazi asiye na cha ukaazi hajakamilika, na mwenye cha ukaazi asiye na cha kazi vile vile.

Mlango wa nne ni wa taaluma yenyewe. Kibali cha kazi hakimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa Bara, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiyeandikwa katika Daftari la Mawakili na asiye na leseni ya mwaka husika kujitangaza au kutenda kazi kama wakili. Mgeni aliyepata vibali vyote viwili anaweza kukaa ofisini Ukonga akaishauri kampuni yake juu ya sheria za bahari. Lakini kusimama mahakamani kama wakili, au kushuhudia viapo, ni jambo jengine kabisa. Ikumbukwe pia kwamba kwa marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa upande wa Bara, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Mwanasheria asiyejua Kiswahili, hata awe bingwa namna gani, atahitaji msaada wa mwenyeji.

BARA NA VISIWANI

Suala linalowatatiza wengi ni la mipaka ya mamlaka. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano; kazi na ajira si mambo ya Muungano. Matokeo yake ni kwamba kibali cha ukaazi kinatoka katika Idara ile ile ya Uhamiaji pande zote mbili, lakini kibali cha kazi cha Zanzibar kinatolewa na Kamishna wa Kazi wa Zanzibar, chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kampuni ya Ukonga ikimhamishia mwanasheria wake mgeni katika tawi la Malindi, haiwezi kutegemea kibali kilichotolewa Dar es Salaam. Ni lazima iombe upya huku.

Kadhalika mahakama. Mahakama Kuu ya Zanzibar si tawi la Mahakama Kuu ya Tanzania, na ina utaratibu wake wa kuwakubali mawakili. Wakili aliyeandikishwa Bara hapati kwa hilo pekee haki ya kusimama mbele ya Mahakama Kuu ya Zanzibar, ijapokuwa pande zote mbili hukutana katika Mahakama ya Rufani. Sheria za ardhi nazo ni mbali mbali: Zanzibar inafuata Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, na Bara Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwanasheria anayedhani kwamba akijua moja amejua zote anaweza kuitia kampuni katika hasara kubwa.

Ama binti yule wa Wete, yeye ni raia wa Tanzania. Hahitaji kibali cha kazi wala cha ukaazi ili aajiriwe Ukonga, wala hapaswi kuulizwa. Kwa upande wa raia wa nchi jirani, wapo wanaodhani kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imefuta vibali. Haikuvifuta. Mkenya au Mganda anayeajiriwa nchini bado huomba kibali. Palipo na uwazi zaidi ni Arusha, ambako Mkataba wa Jumuiya unamruhusu wakili mwenye haki ya kusimama katika mahakama ya juu ya nchi yoyote mwanachama kusimama mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki.

MPANGO WA URITHISHAJI

Sheria ya 2015 haimtazami mgeni kama adui. Inamtazama kama mwalimu mwenye muda maalumu. Ndiyo maana mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa urithishaji, yaani maelezo ya namna ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa Mtanzania. Katika mfano wa Ukonga, njia sahihi ni kampuni kueleza kinaganaga ujuzi unaokosekana, kumwajiri mgeni kwa muda, na kumweka chini yake Mtanzania mwenye shahada ya sheria, awe binti yule au mwengine, ambaye mgeni akiondoka atashika kalamu. Mpango unaoandikwa ili kujaza karatasi, na mwanafunzi asiyefundishwa kitu zaidi ya kupanga mafaili, si urithishaji.

Historia ya nchi inao ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwanasheria Mkuu wake alikuwa Mwingereza, Roland Brown, ambaye pia alishiriki katika kuandika Hati ya Makubaliano ya Muungano ya mwaka 1964. Mwaka 1965 nafasi hiyo ikashikwa na Mtanzania, Mark Bomani. Katika mwaka huo huo 1965 Telford Georges, mzaliwa wa Dominica katika visiwa vya Karibi, akawa Jaji Mkuu, na mwaka 1971 akampisha Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kushika wadhifa huo. Wageni hao walifanya kazi, waliheshimiwa, na wenyeji wakarithi. Kitivo cha Sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza kwa walimu wa kigeni. Leo wanasheria wa Kitanzania wanafundisha nchini na nchi za nje.

WANAOKWENDA NG'AMBO

Mlango huu una pande mbili, kwani wako pia vijana wa Visiwani wanaotamani kufanya kazi ya sheria nje. Kanuni za huko hazitofautiani sana na zilizoelezwa. Uingereza, kwa mfano, tangu Disemba 2020 hutumia viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ambayo haipatikani bila ya mwajiri mwenye leseni ya udhamini, na mwanasheria kutoka nje anayetaka kuwa wakili huko hupitia mitihani iliyoanzishwa mwaka 2021. Katika jimbo la New York, Marekani, tangu mwisho wa mwaka 2015 mwanasheria wa kigeni anaweza kuandikishwa kuwa mwanasheria wa kampuni bila ya kufanya mtihani wa mawakili wa jimbo, lakini uandikishaji huo haumpi haki ya kusimama mahakamani, na suala la viza hubaki pale pale.

Wazazi wanatahadharishwa juu ya madalali wanaouza "barua za udhamini". Udhamini wa kweli hutoka kwa mwajiri anayejulikana, kwa kazi inayojulikana. Orodha ya waajiri wenye leseni Uingereza hutangazwa wazi na serikali ya nchi hiyo, na mtu yeyote anaweza kuitazama. Shamba la mikarafuu likishauzwa kwa ajili ya karatasi ya uongo, halirudi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwajiri anayemweka mgeni kazini bila ya kibali anatenda kosa, na mgeni mwenyewe pia; adhabu zake ni pamoja na faini na kifungo, na mgeni anaweza kuondoshwa nchini. Watumishi wa Serikali wanaopokea maombi wanatakiwa kuyapitia kwa haki na bila ya kuchelewesha, wakitazama vyeti vya taaluma, mkataba wa ajira na mpango wa urithishaji kwa pamoja. Mwananchi mwenye shaka afike ofisi ya Kamishna wa Kazi ya upande anakokusudia kufanya kazi au kuajiri, au ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu naye, kabla ya kutia saini jambo lolote.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibali cha kazi kimewekwa ili methali hiyo itimie pande zote mbili: mgeni aje kwa heshima na kwa sheria, na mwenyeji apone kwa kupata elimu na kazi.