Dakika 50 kabla ya filimbi

Nenda uwanja wowote wa wilaya msimu wa michezo ya shule za sekondari, ufike nusu saa kabla ya mechi. Upande mmoja utakuta timu imepanga duara, nahodha yuko katikati anahesabu moja mpaka kumi, wenzake wanaitikia huku wameinama kushika vidole vya miguu. Upande wa pili vijana kumi na wanane wamejipanga mbele ya goli na mpira mmoja, kila mtu anasubiri zamu yake ya kumpiga shuti kipa ambaye hata glavu hajamaliza kuvaa. Shuti likipaa, vicheko, na mdogo kuliko wote anatumwa kuufuata mpira kwenye migomba. Timu zote mbili zinaamini zinapasha misuli. Ukweli ni kwamba ya kwanza inailegeza, na ya pili imesimama foleni.

Siwalaumu sana walimu wa michezo. Wengi ni walimu wa jiografia au hisabati waliokabidhiwa timu kwa sababu tu waliwahi kucheza mpira chuoni, nao wanafundisha walichofundishwa. Lakini katika miaka ishirini hivi iliyopita elimu ya kupasha misuli imebadilika sana, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haihitaji fedha. Inahitaji mwalimu mwenye saa na karatasi yenye mpango.

Tuanze na lile duara. Kuvuta msuli na kuushikilia hapo hapo bila kujongea kulikuwa kanuni ya kila timu enzi za babu zetu. Mwaka 2016 David Behm wa Chuo Kikuu cha Memorial, Canada, pamoja na wenzake, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu zoezi hilo. Waliona kwamba msuli ukivutwa kwa sekunde 60 au zaidi, nguvu zake mara baada ya hapo hushuka kwa wastani wa asilimia 4.6. Ukivutwa kwa muda mfupi zaidi ya hapo, hasara ni kama asilimia 1.1 tu. Kwa hiyo kujinyoosha kidogo si dhambi. Tatizo ni dakika kumi nzima za kuinama na kuhesabu, halafu mwamuzi anapuliza filimbi na winga anatakiwa atimue mbio kama swala.

Kinachotakiwa ni joto na mwendo. Msuli wenye joto hukaza na kulegea kwa kasi, viungo huzunguka bila kukwama, na mapigo ya moyo yanakuwa yameshapanda kabla mpinzani hajayapandisha kwa nguvu. Wanafunzi wa Tanzania wana bahati hapa, maana hatua ya kwanza wanaijua tangu darasa la kwanza: mchakamchaka. Mbio za polepole za pamoja, mistari miwili, wimbo mdomoni. Mtoto anayeweza kuimba huku anakimbia yuko kwenye kasi inayofaa kabisa kwa dakika tano za mwanzo, na wimbo unafanya kazi nyingine ambayo koni haziwezi, nayo ni kuwatoa vijana wasiwasi. Wanaozijua shule za Magharibi mwa Kenya wanakumbuka jinsi ngoma ya isukuti inavyobadilisha hali ya uwanja mashabiki wanapoanza kuipiga.

Baada ya hapo ndipo inapoingia programu ambayo kila mwalimu wa michezo anastahili kuifahamu, FIFA 11+. Ilitayarishwa mwaka 2006 na kituo cha utafiti wa tiba cha FIFA kwa ushirikiano na wataalamu wa Oslo, Norway, na Santa Monica, Marekani. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu na huchukua kama dakika 20. Ya kwanza ni ya mbio za taratibu zenye miondoko: kukimbia moja kwa moja, kuinua goti na kufungua nyonga nje, kisha kuifunga ndani, kumzunguka mwenzako, kuruka na kugusana mabega, kukimbia mbele na kurudi kinyumenyume kwa haraka. Ya pili ni ya nguvu, miruko na kusimama kwa mguu mmoja. Ya tatu ni ya mbio kali fupi na kubadili mwelekeo. Vifaa vyake ni jozi sita za koni zilizopangwa kwa mistari miwili, na shule isiyo na koni itajaza mchanga kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika.

Programu hii imepimwa. Utafiti uliotoka mwaka 2008 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, uliwafuatilia wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 kutoka klabu 125 za Norway. Waliofuata programu walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao, na yale makubwa yalipungua karibu nusu. Wapo watakaosema Norway ni Norway, viwanja vyao ni zulia. Haya, twende Lagos. Huko watafiti wa Nigeria walifuatilia vijana 416 wa kiume wa miaka 14 hadi 19 katika timu 20, wakachapisha matokeo mwaka 2014: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Hao ni vijana wa umri wa kidato cha kwanza hadi cha sita, na ni Waafrika wenzetu.

Kuna jambo moja ambalo makocha wengi wakishaisoma programu hulikosea. Faida hiyo haiji kwa kuifanya siku ya mechi. Inakuja kwa kuifanya mazoezini, angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Na siku ya mechi yenyewe sehemu ya pili huachwa, yaani mazoezi ya nguvu yote, pamoja na lile la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu mwenzako akiwa amekushika vifundo vya miguu. Zoezi hilo ni zuri mno kwa nyama za nyuma ya paja, na kwa sababu hiyo hiyo huzichosha. Kabla ya mechi, mwongozo unasema ufanye sehemu ya kwanza na ya tatu tu. Mwalimu anayewafanyisha vijana wake zote tatu nusu saa kabla ya fainali ana bidii ya kusifiwa, ila anaipeleka timu uwanjani na miguu mizito.

Sasa saa. Mpango mzuri hupangwa kinyumenyume, kuanzia kwenye filimbi. Tuseme mechi ni saa 10:00 jioni. Saa 9:10 timu iko uwanjani, njumu miguuni, plasta zimebandikwa, aliyetaka kwenda chooni ameshakwenda. Hili la choo linachekesha mpaka siku beki wako wa kati anapokosekana wakati wa kukaguliwa. Makipa wawili watangulie saa 9:18, kwa sababu kazi yao ni tofauti. Waanze na mipira ya kurushiwa kwa mkono kifuani, kisha ya chini kushoto na kulia, kisha krosi, na mashuti makali yaje mwishoni kutoka kwa mtu mmoja anayejua anapiga wapi. Kidole cha kipa wa shule kikiteguka wakati wa kupasha, mara nyingi ni kwa sababu watu kumi walimpigia kwa pamoja.

Wengine waanze mchakamchaka saa 9:20, waunganishe na ile sehemu ya kwanza ya FIFA 11+, wamalize kama saa 9:33. Dakika tatu za kunyoosha viungo kwa mwendo: kurusha mguu mbele na pembeni, kupiga hatua ndefu za kuchuchumaa, kuzungusha nyonga. Kisha mpira. Hapa ndipo ningewashauri walimu watumie muda wao vizuri kuliko popote, kwa sababu ndipo timu za shule zinapopoteza zaidi. Gawa wachezaji katika vikundi vya sita kwenye miraba ya hatua kama kumi kwa kumi, wanne wanapasiana, wawili katikati wanakaba, aliyepoteza anaingia kati. Dakika sita tu. Katika dakika hizo mchezaji anagusa mpira mara nyingi kuliko angegusa katika nusu saa ya foleni ya mashuti, anainua kichwa, anaongea na mwenzake, anageuka, anasimama ghafla. Ubongo nao unapashwa. Shule ikiwa na mpira mmoja tu wa miguu, kikundi kimoja kipasiane kwa mikono kwa kutumia mpira wa wavu, kingine kwa miguu, halafu wabadilishane. Si sawa kabisa, lakini ni bora kuliko kusimama.

Zifuate dakika tano kwa nafasi zao. Mabeki wa kati wapige vichwa, mawinga wapige krosi mbili tatu, washambuliaji wamalizie zile krosi badala ya kupiga mashuti ya mita 30 ambayo hawatayapiga ndani ya mechi. Mwisho mbio kali fupi, za kuvuka nusu ya uwanja kwa kama asilimia 80 ya kasi, na kukanyaga mguu mmoja na kukata upande. Saa 9:50 inatosha. Wanywe maji, wavae jezi za mechi, wamsikilize mwalimu kwa dakika moja.

Mpango huu unapendeza kwenye karatasi. Adui wake wa kwanza ni mechi iliyotangulia, ambayo bado inaendelea kwenye uwanja huo mmoja wa wilaya. Basi tafuta nafasi nyuma ya goli au kwenye uwanja wa netiboli. Mpango wote huu, ukiacha krosi na zile mbio za nusu uwanja, unaingia katika eneo la hatua thelathini kwa ishirini. Adui wa pili ni basi lililochelewa. Ukifika zimebaki dakika 15, usikimbize mambo yote. Fanya mchakamchaka, miondoko na mbio kali, acha mengine. Adui wa tatu ni mgeni rasmi.

Kila aliyehudhuria mashindano ya shule anajua. Timu zimepasha vizuri, zimepanga mstari, na kipaza sauti kinatangaza kwamba mheshimiwa yuko njiani. Anafika, anasalimiana na meza kuu, anatambulishwa, anatoa neno fupi ambalo si fupi, anashuka kukagua timu, anashikana mikono na wachezaji mmoja mmoja, picha ya pamoja, picha nyingine. Dakika 20 zimekwenda. Msuli ni kama pasi ya mkaa, hauubebi moto wake muda mrefu ukiwekwa pembeni. Mwaka 2004 watafiti wa Denmark waliopima joto la misuli ya paja ya wachezaji wakati wa mapumziko walikuta kwamba waliokaa tu walianza kipindi cha pili misuli ikiwa imeshuka kwa takriban nyuzi joto 2, na kasi yao ya mbio fupi ilipungua kwa asilimia 2.4. Waliofanya mazoezi mepesi kabla ya kurudi hawakupata hasara hiyo. Mapumziko huchukua dakika 15. Hotuba zetu nyingi zinayazidi.

Kwa hiyo mwalimu mwenye akili anakuwa na mpango wa akiba. Baada ya ukaguzi, wakati manahodha wanarushiwa sarafu, wachezaji wengine wote wafanye mbio fupi tatu au nne na miruko michache hapo hapo walipo. Dakika moja na nusu inasaidia kuirudisha hali. Na mapumzikoni vivyo hivyo: maji, maelekezo mafupi, kisha dakika tatu za kuchangamka kabla ya kipindi cha pili. Katika futiboli ya Kimarekani ya shule za sekondari, ule mchezo wa kofia ngumu, kanuni zenyewe zinalazimisha dakika 3 za kupasha baada ya mapumziko. Sisi hatuhitaji kanuni, tunahitaji mwalimu afupishe hotuba yake.

Wa benchi husahaulika kabisa. Kijana amekaa dakika 65 amevaa koti, mwalimu anamgeukia na kumwambia aingie. Dakika mbili baadaye ameshika paja. Wa akiba watoke kila baada ya dakika 15 au 20, watatu watatu, nyuma ya mstari, wakimbie na kujinyoosha kwa mwendo. Mwalimu msaidizi apewe kazi hiyo kwa jina, isiachwe ijisimamie.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Fainali za taifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, zilifanyika Mtwara mwaka 2021 na Iringa mwaka 2025, na hakuna mpango mmoja unaofaa miji hiyo miwili bila kurekebishwa. Mtwara kwenye joto la pwani, mchakamchaka unapungua mpaka dakika mbili, kazi nyingine inafanywa kivulini, maji yanakuwa karibu, na mbio kali hazipunguzwi. Iringa mwezi wa sita, asubuhi yenye baridi na upepo, ongeza dakika tano mwanzoni na wachezaji wabaki na majaketi mpaka mwisho. Na kwenye mashindano ambayo timu inacheza siku baada ya siku, mchezaji wa mechi ya nne hahitaji kupasha kama alivyopasha mechi ya kwanza. Punguza muda, punguza miruko, mbio fupi zibaki.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa michezo ya shule kuanzia kata mpaka taifa. Kwenye ratiba mnayoibandika ukutani, andikeni muda wa kupasha misuli kama mnavyoandika muda wa mechi. Mgeni rasmi azisalimie timu kabla hazijaanza kupasha, na baada ya hapo, mpaka filimbi ya mwanzo, uwanja uwe wa wachezaji na waamuzi peke yao.