Somo la Leo: Kungoja Viza ya Mke

Leo tumsaidie bibi mmoja wa Mombasa. Mumewe ni raia wa Marekani, naye yuko Chicago. Bibi anauliza: “Mbona nangoja sana?”

Bibi, karatasi zako zina vituo vitatu.

Cha kwanza ni idara ya uhamiaji huko Marekani. Mumeo hupeleka ombi na kuonyesha kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Hapa watu hungoja miezi mingi.

Cha pili ni ofisi ya viza, huko huko Marekani. Hukusanya ada, hati zako, na ahadi ya mumeo ya kukutunza. Karatasi moja ikikosekana, faili husimama.

Cha tatu ni ubalozi wa Marekani, Nairobi. Kwanza utapimwa na daktari aliyeteuliwa, kisha utahojiwa.

Viza za wake wa raia hazina kikomo kwa mwaka. Lakini mume akiwa mkaazi tu, si raia, kikomo kipo, na mke hungoja zamu yake.

Sasa sikia sana: siku ya mahojiano si siku ya viza. Ofisa aweza kutaka hati nyingine. Basi usiache kazi, usiuze cherehani, usikate tiketi, mpaka uione viza ndani ya pasipoti yako.

Maswali:
1. Karatasi hupita vituo vingapi?
2. Kwa nini bibi asiuze cherehani mapema?

Kwaherini, hata somo lijalo.