Mizani Iliyowaunganisha Murphy na Gans

Septemba 3, 1906, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Goldfield, Nevada, bondia Joe Gans alipimwa uzito akiwa na viatu na nguo zake za ulingoni. Upande wa mpinzani wake, Battling Nelson, ulikuwa umeshikilia kwamba asizidi pauni 133, kama kilo 60, tena siku ileile ya pambano. Viatu vikahesabiwa kama sehemu ya mwili wake. Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, alikubali kwa sababu alihitaji fedha. Akapanda ulingoni na njaa yake, akapigana hadi raundi ya 42, Nelson alipompiga chini ya mkanda na ushindi ukawa wa Gans. Licha ya ushindi huo, fungu kubwa la fedha lilikwenda kwa Nelson.

Kila nikisoma habari za siku ile namkumbuka mpanda farasi, Isaac Murphy.

Murphy alizaliwa Kentucky mwaka 1861, utumwa ukiwa bado halali. Katika mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Yeye alizishinda mbio hizo mwaka 1884, 1890 na 1891, akawa mtu wa kwanza kuzishinda mara tatu.

Msimu wa baridi alinenepa. Mbio zilipokaribia, ilimbidi ajikondeshe upya. Farasi wa mashindano hupangiwa uzito wa kubeba, na mpandaji hupimwa pamoja na tandiko lake. Akipungua, huongezewa vipande vya madini ya risasi. Akizidi sana, farasi huweza kupewa mpandaji mwingine. Bondia hukutana na mizani mara chache kwa mwaka, ilhali mpanda farasi huikuta kila siku ya mbio. Njia zao ni zilezile: kufunga, kukimbia na nguo nzito, kukaa kwenye mvuke, kunywa dawa za kuharisha. Mwili uliokaushwa hivyo ndio unaopelekwa kupokea ngumi za kichwa, au kumwongoza farasi anayekimbia kilomita 60 kwa saa.

Agosti 1890, huko Monmouth, New Jersey, Murphy alimaliza wa mwisho akiwa juu ya Firenze, farasi aliyetegemewa kushinda, kisha akaporomoka kutoka kwenye tandiko. Akatuhumiwa ulevi. Wapo waliomtetea kwamba mwili ulikuwa umechoshwa na kujinyima chakula, lakini doa likabaki. Hilo nalo mabondia na wapanda farasi wanalishiriki: wakishinda husifiwa kwa wepesi wao, na wakianguka hakuna anayekumbuka wepesi huo ulipatikanaje.

Mei 1902 Gans alimwangusha Frank Erne katika raundi ya kwanza na kuutwaa ubingwa wa dunia. Siku chache kabla, mpanda farasi mweusi Jimmy Winkfield alikuwa ameshinda Kentucky Derby. Tangu hapo hadi leo hakuna mpanda farasi mweusi mwingine aliyezishinda mbio hizo, kwani ubaguzi uliwasukuma weusi nje ya mchezo walioujenga.

Murphy alifariki Februari 1896 kwa nimonia. Gans alifariki Agosti 1910 kwa kifua kikuu. Wote wawili waliuawa na maradhi ya mapafu, na wote walikuwa na miaka 35. Kaburi la Murphy lilikaa miaka mingi bila jiwe la kumtambulisha, ndipo masalia yake yakahamishwa. Leo amelazwa katika bustani ya farasi ya Kentucky, jirani na Man o' War, farasi mashuhuri.

Heshima hiyo ni njema, ila ilimkuta kaburini. Walio hai wanahitaji daktari mwenye mamlaka ya kumzuia mtu asipande farasi wala ulingoni. Nasi mashabiki tuna la kufanya. Ukimwona bondia wetu akipimwa uzito mbele ya kamera, mashavu yamebonyea na midomo imekauka, kabla ya kumpigia makofi uliza mara ya mwisho alikunywa maji lini.