Mtoto wa jicho: msingoje leza

Juma lililopita nilikwenda Butere kumjulia hali mamangu mkwe. Alinitambua kwa sauti tu. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, na upasuaji ameukataa: "Mwanangu, mimi nangojea ile ya leza, isiyo na kisu."

Hata kwetu pwani wengi husema hivyo. Mtoto wa jicho si utando wa juu. Ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Hakuna dawa ya matone ya kuuondoa ukungu huo, wala leza haiuchomi. Leza husaidia kukata na kulainisha tu. Lenzi hiyo lazima itolewe, itiwe ya plastiki. Daktari hodari huyafanya hayo bila leza, kwa ganzi, na mgonjwa akaona vizuri vilevile.

Je, hurudi? Hapana. Ila ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lenzi mpya huweza kuingia ukungu baadaye, na hapo ndipo leza huimaliza kazi kwa dakika chache.

Na kusujudu? Muulize daktari wako. Siku za mwanzo huenda ukasali umekaa.

Mama alinyamaza, kisha akauliza nauli ya kwenda hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga. Nanyi wa pwani, Kwale kuna kituo cha macho. Msingoje giza.