Vyuma vya nyonga: watoto walivaa bure?

Wadau, leo tuongelee Perthes, ugonjwa wa nyonga unaowapata watoto, wavulana zaidi, hasa wa miaka 4 hadi 8. Damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa, unalainika, kisha unajijenga upya taratibu kwa miaka. Ukijijenga bapa badala ya mviringo, nyonga inaweza kusagika ukubwani.

Ndo maana Marekani watoto walivalishwa kifaa kilichotoka Atlanta, kinaitwa Scottish Rite: mikanda ya mapajani, chuma katikati, miguu imetanuliwa ili kichwa cha mfupa kitulie kwenye kikombe chake. Dogo anatembea navyo hivyohivyo mpaka shule. Hebu mfikirie kwenye chandimu!

Mwaka 1992 tafiti mbili hazikuona faida yake. Mwaka 2004 Herring na wenzake wakatoa matokeo ya watoto 438 walioanza kuugua wakiwa na miaka 6 hadi 12. Mifupa ilipokomaa, waliovaa vyuma hawakuwa na nyonga nzuri kuliko wasiotibiwa. Kilichoamua zaidi ni umri wa kuanza kuugua na mfupa umeharibika kiasi gani. Upasuaji uliwasaidia baadhi ya waliozidi miaka 8. Mi inaniuma, utoto wa mtu umeenda hivyo!

Ila msichanganye na mikanda ya Pavlik ya vichanga wenye nyonga iliyotoka mahali pake. Hiyo ikiwahiwa inasaidia wengi, msiivue kwa sababu ya makala hii. Na dogo akichechemea siku nyingi, hata akidai ni goti, mpelekeni hospitali, nyonga ipigwe eksirei.