Damu Imejibu Chanya: Imeulizwa Nini?

Majibu ya maabara yameandikwa "utitiri wa vumbi: chanya", na mgonjwa anatoka na nia ya kulitupa godoro. Asubiri kwanza.

Utitiri hawa ni jamaa wa kupe na buibui, wadogo kiasi cha robo milimita. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao ni ngozi yetu inayopukutika kitandani. Maji hawanywi, huyafyonza kutoka hewani, ndiyo maana unyevu wa Tanga na Mombasa huwafaa kuliko ukavu wa Dodoma. Kinachotuletea chafya hasa ni kinyesi chao, chenye protini iitwayo Der p 1. Ukikung'uta shuka hurushwa hewani, na punje zake nyingi huwa zimetua tena ndani ya nusu saa.

Mwenye mzio huitengenezea protini hiyo kingamwili aina ya IgE, iliyotangazwa mwaka 1966 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mtu na mkewe, wakiwa Denver, Marekani. Hiyo ndiyo inayopimwa kwenye damu. Uzuri wake, dawa za mzio ulizomeza haziyavurugi majibu, tofauti na kipimo cha kuchoma ngozi.

Lakini kuwa na kingamwili si kuumwa. Wapo wenye IgE ya utitiri wanaofagia stoo nzima bila hata chafya moja. Kwetu kuna la ziada: minyoo. Mnyoo aina ya Ascaris hupandisha IgE ya jumla, na baadhi ya protini zake hufanana na za utitiri, kama zinavyofanana na za mende na kamba wa baharini. Damu inaweza kuitikia jina la mwingine. Kwa hiyo daktari anayesoma karatasi bila kuuliza dalili anabahatisha tu.

Tena kipimo hiki hakisemi nyumbani kwako kuna utitiri kiasi gani. Hilo hujulikana kwa kupima vumbi lenyewe.

Kama pua huziba na kifua hubana kila uamkapo, na damu nayo imekubali, hapo livishe godoro kifuniko kisichopitisha vumbi, na shuka uzifue kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Ukiuziwa kipimo cha IgG cha kutafuta mzio wa vumbi, usilipe: IgG huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na kitu hicho.